Bango langu liliandikwa "FREE RISK": riviu ya jamaa wa mabango na ya mzee anayesahihisha Kiingereza

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda aondoke nazo. Jamaa walioniprintia bango nawapa nyota mbili na nusu kati ya tano, mzee wa steshenari anayesahihisha Kiingereza nampa nne na nusu, na hiyo nusu niliyomnyima nitasema kwa nini. Jina la hao wa mabango siliweki, ni vijana wanatafuta riziki kama mimi, na ukweli kosa lenyewe tulilifanya pamoja.

Mi nauza simu used Kariakoo, mitaa ya Aggrey kule, fremu yenyewe tumegawana watu watatu, kushoto yupo jamaa wa makava na protekta, kulia dada wa saa. Sasa biashara ya simu used ni biashara ya woga, mteja anaitaka simu lakini anaigeuzageuza kama anachagua nyanya, anaogopa betri imechoka, anaogopa kioo kimebadilishwa, anaogopa isije kuwa ya wizi, na wengine hawajasahau ile Juni 2016 TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki nchi nzima, mtu kalala ana simu kaamka ana saa ya mezani. Kwa hiyo kwangu utaratibu ni mmoja, mteja anabonyeza *#06# mwenyewe, namba ya IMEI, yaani ile ya kuitambulisha simu, ikitokea anaituma kwenda 15090 anasoma jibu kwa macho yake, akilipa nampa siku saba, ikizingua anarudisha nampa hela yake yote. Hizo siku saba ndo zinanilisha. Nikaona hii kitu lazima iandikwe kubwa pale mlangoni, na iandikwe Kiingereza, maana wateja wangu wanaobeba kwa jumla wengi ni Wazambia na Wamalawi, Wakongo tunaelewana nao kwa Kiswahili chao wala hatuna shida.

Nikamtumia dizaina voisi WhatsApp, "kaka andika simu zetu ni risk free, na zile siku saba usizisahau". Bango mita tatu kwa moja, elfu kumi na mbili kwa mita ya mraba, jumla elfu thelathini na sita na vile vitundu vya chuma vya kufungia kamba vimo humo humo. Baada ya kama masaa mawili akanitumia sampo kwenye simu, mi nina wateja wawili wamenisimamia, nikaangalia rangi, nikaangalia namba yangu ya simu kama haijakosewa, nikajibu "poa printi". Maneno sikuyasoma. Nani anasoma bango lake mwenyewe jamani, si unajua uliagiza nini.

Likaja limeandikwa SMARTPHONES 100% FREE RISK, chini yake 7 DAYS, kwa njano juu ya bluu, herufi nene hizo unazisoma ukiwa upande wa pili wa barabara.

Na niseme kwa haki, kazi ya kuprinti yenyewe ni safi. Imepigwa jua na mvua, njano bado ni njano, pembeni hapajachanika, vile vitundu havijang'oka hata kimoja. Ungewapa maneno sahihi wangekupa bango sahihi, tatizo lao hawasomi wanachokiandika, wao wanaona herufi tu.

Lilikaa siku tisa pale juu. Watu wanapita, wanaingia, wananunua, hakuna aliyesema kitu, mpaka akaja mteja wangu mmoja wa kutoka Zambia, jamaa huwa anachukua simu kumi kumi na tano anapanda nazo basi la Tunduma. Kasimama nje, mikono kiunoni, anasoma. Halafu akaingia na sura ya kazi kabisa akaniuliza kwa Kiingereza, hiyo risk mnayotoa bure, kila mtu anapewa moja au naweza kuchukua na ya mke wangu? Mi nikacheka kwa adabu tu kwa sababu sijaelewa. Dada wa saa ndo akaelewa, akaanza kucheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo. Kumbe siku tisa nzima mi nimewatangazia watu kwamba ukinunua simu hapa unaongezewa hatari bila malipo, kwa siku saba.

Nikarudi kwa dizaina. Kijana hakuwa mkorofi ila alinibishia, "bosi mbona inaeleweka, free ni free ikae mbele ikae nyuma". Na nikiangalia ukutani kwao naelewa kabisa alipoitolea, pale kuna masampo yamebandikwa, FREE DELIVERY, FREE WIFI, FREE PARKING, FREE GLASS (hii ni ya wale wa protekta), yaani mtoto wa watu kutwa nzima anaandika free halafu kitu. Ukimwambia risk free mkono wenyewe unaigeuza. Akasema atanifanyia lingine nusu bei, nikakubali, jioni akanitumia sampo mpya: SMARTPHONES WITHOUT NO RISK.

Safari hii nilisoma. Sikuwa na uhakika ila roho ilikataa.

Dada wa saa akaniambia kuna mzee, mwalimu mstaafu, anakaa kwenye steshenari moja karibu na Mnazi Mmoja, ukiingia mkono wa kulia nyuma ya mashine ya fotokopi, ana meza yake ndogo na stuli, anasahihisha barua za kazi, sivii, ripoti za wanachuo, chochote cha Kiingereza. Ana kalamu nyekundu ya Bic, miwani imefungwa uzi wa viatu kwa nyuma, na dikshenari ya Oxford ile ya wanafunzi isiyo na jalada, kurasa za mwanzo za A hazipo, yeye mwenyewe anasema ukitaka neno linaloanza na A uje na lako.

"Shikamoo mwalimu." "Marahaba, umeleta barua ya kazi?" Nikamwambia hapana nimeleta bango, nikampa simu aangalie picha. Hakucheka. Alifuta miwani kwa pindo la shati, akasoma, akanirudishia simu akaniuliza, "Wewe unauza simu au unauza ajali?"

Halafu alichofanya ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Angeweza kunisahihishia akachukua hela yake basi. Yeye kanyoosha mkono kaunta akachukua pakiti ya ubani wa kutafuna, akaniambia soma hapo. Nikasoma, sugar free. Akaniuliza humo ndani umepewa sukari ya bure? Nikasema hapana, haina sukari. "Sasa duka likibandika FREE SUGAR nje, itakuwaje?" Nikasema watu watajaa na vikombe. Akasema basi ushamaliza somo, free ya mbele ni ya bure, free ya nyuma ni ya bila. Free risk, hatari ya bure. Risk-free, bila hatari. Duty free pale eapoti ni bila ushuru, ingekuwa free duty maana yake unagawiwa ushuru kama peremende.

Nikamwuliza sasa mbona wanatuchanganya, neno moja maana mbili. Akasema na sisi tunajichanganya wenyewe, kwa sababu kwenye Kiswahili kile kinachokanusha kinatangulia na kitu kinafuata, isiyo na hatari, bila hatari, kwa hiyo mtu akitafsiri kichwani anaweka free halafu risk anaona amepanga sawasawa kumbe kapanga Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Akaongeza kitu ambacho nilikiandika nyuma ya risiti ili nisikisahau, kwamba ikija na of au from katikati, hapo free inaruhusiwa kutangulia na bado ni ile ya bila: free of risk, free from risk, kama free of charge. Wale wa FREE RISK wameruka hicho kineno kimoja tu, na hicho kineno ndicho kinachobeba mzigo wote.

Kuhusu ile WITHOUT NO RISK hata hakutaka kuiongelea sana, kasema tu "bila hakuna hatari", hizi mbili zinakulana zote hatari inabaki imekaa. Chagua moja, without risk au no risk. Nikamwambia kuna jamaa alinishauri niandike OUT OF RISK, akasema mgonjwa akitoka mahututi anakuwa out of danger, hapo sawa, lakini risk hawaisemi hivyo. Na not risky je? Akatikisa kichwa, hiyo ni sahihi ila ni dhaifu, ni kama kumwambia mteja simu yangu si mbovu.

Kistari nacho alikisimamia. Risk-free ikiwa mbele ya jina lake, mfano risk-free trial, kile kistari cha katikati kiwepo, kinafunga maneno mawili yawe moja, na ukikiweka muda wote hakuna atakayekupiga. Halafu kalamu nyekundu ikapita juu ya 100%. Nikamtetea, nikasema mwalimu hiyo inavuta wateja. Akasema kitu kama hakipo hakipo, asilimia za nini.

Sasa hapa ndo penye utamu. Akaniuliza hiyo simu yako inaweza kudondoka? Inaweza. Inaweza kukwapuliwa hapo Msimbazi mteja hata hajafika kituoni? Inaweza, tena sana. Inaweza kuingia maji? Nikanyamaza. "Basi simu haiwezi kuwa risk-free, hata ukiweka kistari cha dhahabu." Kisicho na hatari ni kule kuijaribu, kwa sababu hela yake mteja ataipata. Kwa hiyo hilo neno usiliweke kwenye simu, liweke kwenye kujaribu. Mi miaka yote nilikuwa najua Kiingereza kikikosewa kinakosewa kwenye sarufi tu, sikuwahi kufikiri sentensi inaweza kuwa na sarufi nzuri kabisa na bado ikawa imebandikwa kwenye kitu ambacho siyo chake. Na hapo hatujagusa sheria, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, mteja mwenye kichwa kigumu akija na simu imelowa anakuonyesha bango lako mwenyewe utamjibu nini.

Nikamsimulia mkasa wangu wa mkeka maana uliendana. Kuna app moja ya kubeti ilishanitumia meseji ya "risk free bet", nikaweka elfu tano, timu ikapigwa, kweli elfu tano ikarudi, ila imerudi kama bonasi, huwezi kuitoa, lazima uiweke tena, nikaiweka tena ikaenda moja kwa moja. Mzee akasema unaona, hao Kiingereza chao kilikuwa safi kuliko chako. Baadaye nikaja kusoma kwamba kumbe hata Marekani walilalamikia hilo hilo, mpaka chama cha makampuni ya kamari kule, American Gaming Association, Machi 2023 kikabadili kanuni zake za matangazo kikakataza wanachama wake kutumia risk free kwenye kutangaza beti. Waliona mtu akiambiwa risk-free anajua hela yake inarudi mfukoni, na mfukoni hairudi.

Mzee akaniambia pia wachumi wanalitumia neno hilo hilo kwa kazi yao, risk-free rate, wakimaanisha riba unayopata ukiikopesha serikali, zile dhamana za serikali za muda mfupi, kwetu zipo za siku 35, 91, 182 na 364, na hata wao wanajua ni namna ya kusema tu maana serikali nazo kuna nchi zilishashindwa kulipa. Hapo nilimwacha aongee, mzee alikuwa amechangamka na fotokopi ilikuwa imekata tona, wateja wote wamekaa wanasikiliza.

Mmoja akadakia, mwalimu je yale maandishi ya paking, CARS PARKED AT OWNER'S RISK, yaani gari likipata la kupata ni juu ya mwenyewe, yako sawa? Mzee akasema yale yako sawa kabisa, nenda gereji yoyote nenda hoteli yoyote utayakuta yameandikwa vizuri hata herufi haijakosewa, kwa sababu yale yanamlinda mwenye kibao. Steshenari nzima ikacheka, yeye akarudi kwenye karatasi yangu.

Alichoniandikia mwisho ni hiki: TRY IT RISK-FREE FOR 7 DAYS, na chini yake akanilazimisha niweke Kiswahili, JARIBU SIKU 7, IKIZINGUA UNARUDISHIWA HELA YAKO, na chini kabisa kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, maji na kioo kuvunjika havihusiki. Mi hiyo ya mwisho sikuitaka, nikaona inafukuza wateja, tukabishana kama dakika kumi. Akashinda yeye. Malipo elfu tatu, nikampa elfu tano akatafuta chenji mpaka kwenye soksi, hakukubali niiache.

Sasa ile nusu niliyomnyima. Mzee hana haraka hata kidogo, mimi kwa maneno sita nimekaa saa moja na robo, mtu mwenye ripoti ya kurasa arobaini sijui anahamia pale. Hapokei picha wala voisi, hana WhatsApp, lazima uende na mwili wako. Hapokei malipo ya simu, keshi tu. Ijumaa anaondoka saa sita kasorobo kwenda kuswali na akiondoka ameondoka. Na ukimletea Kiingereza ulichotoa kwenye app ya kutafsiri ana namna ya kukusema mbele za watu. Kuna binti alikuja na barua ya maombi ya kazi ameandika "I am a free minded lady" akamwuliza hiyo akili unaigawa bure? Binti akacheka lakini ilimuuma, niliona. Angemwambia pembeni.

Jamaa wa mabango wakaprinti la pili kwa nusu bei kama walivyoahidi, elfu kumi na nane, na kistari kimo, nilisimama nyuma ya kiti cha dizaina mpaka akabonyeza kuprinti. Nusu nyota ya juu wameipata hapo, wangeweza kunizungusha hawakunizungusha. Nikamwambia dogo ile ya kwanza na we uliikosea, akasema bosi we ndo ulisema poa printi. Kweli nilisema.

Kama unawatumia watu wa mabango popote pale, usitume voisi. Andika maneno kwa herufi kubwa, hasa ya Kiingereza, umwambie akopi abandike kama yalivyo, na sampo ikija isome kwa sauti hata kama una foleni ya wateja, kuna mambo jicho linayaruka ila mdomo hauyaruki.

Mzambia wangu alirudi wiki mbili baadaye. Kasoma bango jipya lote mpaka zile herufi ndogo, akaingia akauliza, na chaja nayo ni siku saba? Swali zuri, chaja sikuwa nimeifikiria. Nikamwambia chaja tunaijaribu hapa hapa ikichaji umekubali, akatoa kichwa nje akasoma tena kuhakikisha hakuna mahali nimeandika chaja, akachukua simu kumi na mbili. Moja aliirudisha, spika ilikuwa inakoroma, nikampa hela yake, iliniuma ila ndo nilivyoandika.

Bango la kwanza nilikuwa nalitupa, mama wa chipsi wa kona akaniomba afunike kibanda, turubai lake lilikuwa limetoboka. Nikamwambia mama hili lina maneno mabaya. Akasema maneno hayavuji. Sasa hivi ukipita jioni utamkuta anakaanga, mafuta yanaruka, kichwani kwake njano juu ya bluu FREE RISK, na namba yangu ya simu iko pale pale, kuna watu wananipigia kuagiza chipsi kavu na mishkaki miwili.

Mzee yupo Jumatatu mpaka Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi. Nendeni na chenji.